Fedha za mrejesho ziingie kwenye andiko, zisisubiri matokeo

Swali: Mimi ni mtafiti wa chuo, Morogoro. Pamoja na wenzetu wa Ulaya tunaandaa andiko la miaka mitatu la kuomba ruzuku ya Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kugharamia utafiti, kuhusu sumukuvu (sumu inayotengenezwa na ukungu) kwenye mahindi ya Dodoma. Ningependa wakulima na wananchi kwa jumla waelezwe tutakachokipata, ila kiongozi wa mradi anasema fedha za kazi hiyo tutazitafuta matokeo yakishatoka. Je, kuna ruzuku za kuelimisha umma peke yake? Na tukiiweka kazi hiyo kwenye andiko, tuhesabuje?

Jibu: Ndugu mtafiti, usikubali fedha hizo zisubiri. Nimeshughulika na bajeti za utafiti miaka mingi, na mradi uliosema "baadaye" bado sijauona ukirudi kijijini na kitu mkononi.

Ruzuku za kazi hiyo peke yake zipo, lakini zina wenyewe. Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Uswisi una ruzuku iitwayo Agora, inayowalipa watafiti wakutane na watu wasio wanasayansi na kuzungumza nao. Mwombaji lakini sharti awe mtafiti anayefanya kazi Uswisi. Marekani nao, kupitia NSF, mfuko wao wa taifa wa sayansi, tangu 1997 hupima kila andiko kwa vigezo viwili, ubora wa kisayansi na manufaa kwa jamii, hivyo mtafiti wa huko huupanga mpango wa kuifikia jamii ndani ya andiko lenyewe. Nanyi piteni njia hiyo hiyo.

Kwenye Horizon Europe mlango huo uko wazi, tena ni wajibu. Kifungu cha 17 cha mkataba wa ruzuku kinamtaka mnufaika, yaani taasisi inayopokea ruzuku, autangaze mradi na matokeo yake, umma ukiwemo, na gharama zake zinakubalika. Kwa kawaida mpango kamili wa kazi hiyo hudaiwa ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Mpango huo hutenganisha usambazaji na mawasiliano. Usambazaji ni kwa watu watakaoyatumia matokeo kikazi: watafiti wenzenu, wizara, wasindikaji. Mawasiliano ni kwa mwananchi. Kosa ninalolisahihisha mara kwa mara ni kuweka ada ya jarida na tiketi za ndege za kongamano kwenye mawasiliano. Ukijumlisha unaona fedha nyingi, kumbe hakuna hata shilingi moja itakayomfikia mkulima.

Mtego mkubwa zaidi ni wa tarehe. Gharama inayolipwa ni ile iliyotokea ndani ya muda wa mradi. Ukiacha gharama za ripoti ya mwisho, mkutano utakaofanyika mwezi wa 37, mradi wenu wa miezi 36 ukiwa umeshafungwa, haulipwi hata kama ndio muhimu kuliko yote. Mahindi ya Dodoma huvunwa kati ya Mei na Julai. Mkichukua sampuli kwenye mavuno ya mwaka wa kwanza, pangeni mrejesho wa kwanza kabla ya mavuno ya pili, mkulima akiwa bado ana nafasi ya kubadili namna anavyokausha. Ujumbe wa kuanika mahindi juu ya turubai ukifika Oktoba, mahindi yameshaingia ghalani.

Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu najua sumukuvu inavyoua. Kenya, 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao Makueni na Kitui. Kwetu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kupika hakuiondoi, na haionekani kwa macho.

Miaka kadhaa iliyopita niliongozana na timu moja kwenda kurudisha mrejesho kijijini. Bango letu lilikuwa na chati ya nguzo, nyekundu na kijani. Mama mmoja aliyekaa mbele alifungua kanga, akatoa mahindi mawili, moja lina punje nyeupe na jingine lina punje zenye wekundu, akauliza, "Basi hili lekundu ndilo lenye sumu?" Yeye alisoma rangi ya nguzo kama rangi ya mahindi, na wengine nyuma yake wakaitikia kwamba nao wameelewa hivyo. Tukamweleza kwa mdomo. Lakini mabango yalikuwa yameshachapishwa kwa ajili ya vijiji vyote, na kwenye bajeti hapakuwa na kitu cha kuyachapa upya.

Kwa hiyo mstari wa kwanza ninaouandika siku hizi ni wa kujaribu ujumbe kabla ya kuchapa. Wakae wakulima kumi au kumi na watano, waonyeshwe rasimu, kisha wao ndio waeleze walichokielewa. Nauli, chakula cha mchana na karatasi, basi. Mara mbili, maana rasimu ya pili nayo huwa na lake.

Msianze na asilimia ya bajeti. Anzeni na safari. Vijiji 6, kila kimoja mara mbili, ni safari 12: mafuta, dereva, posho kwa viwango vya taasisi yenu, afisa ugani wa kata. Halafu redio jamii: kutengeneza kipindi, muda wa hewani, marudio, na muda wa kupokea simu za wasikilizaji, kwa kuwa maswali yao ndiyo yatakayowaambia mlichokosea. Halafu mtu wa kuisimamia kazi hii. Andikeni asilimia ya muda wake wa kazi ilipwe kwenye mshahara. Kazi isiyo na mwenyewe humwangukia mwanafunzi wa uzamili, naye ana tasnifu ya kumaliza.

Jambo moja la kihasibu. Gharama za uendeshaji, kama ofisi, umeme na uhasibu, huongezwa kwa kiwango cha asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja, ila kazi mliyoikabidhi kwa mkandarasi haihesabiwi. Muda wa hewani ukinunuliwa kama huduma, asilimia 25 inaingia; mkiikabidhi kampuni iendeshe kampeni nzima, haiingii. Wito wa ruzuku mnaouombea ukiwa wa malipo ya jumla, yaani kiasi kimoja kinachokubaliwa tangu mwanzo, hesabu hiyo hiyo fanyeni, kwa kuwa watathmini wataiona.

Na someni masharti ya vibali vyenu, cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na cha kamati ya maadili, mjue ni nani apitishe vitini kabla havijasambazwa.

Kilifi, Kenya, ambako KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, wamefanya utafiti pamoja tangu 1989, wakazi wenyewe huchagua wawakilishi wa jamii wanaokutana na watafiti. Nanyi mnaweza kutenga fedha za vikao vinne kwa mwaka na wawakilishi wa namna hiyo, kuanzia mwezi wa 3 wa mradi, kabla hata ya sampuli ya kwanza.

Kwa kiongozi wako peleka ratiba tu. Chora miezi 36, weka mavuno matatu, kisha mwombe aonyeshe kwa kidole "baadaye" yake inaangukia mwezi gani.