Eti haki za wanawake zilianzia Beijing?

SWALI: Shikamoo dada. Juzi kwenye grupu la familia mjomba kaandika eti haya mambo ya haki za wanawake ni ya Wazungu, yaliletwa na mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Beijing 1995, kabla ya hapo bibi zetu walikuwa wametulia zao. Nilitaka kumjibu nikakosa pa kuanzia. Na je, hao wanawake wa zamani waliacha maandishi yoyote? (Mwanafunzi, Mbagala)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Anza na Bibi Titi Mohamed, maana Dar nzima inapita barabara yenye jina lake na wengi hawajui alifanya nini. 1955, miaka 40 kabla ya Beijing, TANU, chama kilichokuwa kinadai uhuru wa Tanganyika, ina mwaka mmoja tu, akaja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wenu wako wapi? Ndo Bibi Titi akapewa kazi ya kuongoza kitengo cha wanawake. Shule alisoma madarasa machache tu ila alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kinaitwa Bomba, na hapa ndo pa kutulia, kwa sababu hakuhangaika kutafuta mwanamke mmoja mmoja, alienda moja kwa moja kwenye vikundi vya ngoma, lelemama na vinginevyo, ambavyo tayari vina viongozi wao, vina michango, watu wanaitana kwenye harusi na misiba, na wengi wao wana biashara zao ndogondogo kwa hiyo hela ya kadi ya chama hawamwombi mtu. Ndani ya miezi michache wakaingia wanawake kama 5,000. Sasa hao ndo waliotulia?

Mjomba kutojua simlaumu sana. 1969 Bibi Titi alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaja kuachiwa 1972, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa kabisa. Inaniuma mpaka leo, maana vizazi vizima vimekua bila kumjua.

Kuhusu maandishi, usitafute kwenye karatasi tu. Wasichana walinyimwa shule, sa wangeandika wapi? Waliimba. Siti binti Saad wa Unguja, muuza vyungu ambaye hakukaa darasani, alirekodi santuri Bombay 1928. Sikiliza wimbo wake wa Kijiti: mwanamke ameuawa, muuaji katorokea bara, halafu mahakama ya mkoloni inaishia kuwaadhibu wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Kwangu mimi hiyo ni ripoti kamili ya ukatili na ya mahakama kupendelea, imetolewa hadharani wakati hakuna gazeti lingeichapa. Ndo maana waandishi wanawake walioanzisha TAMWA, chama cha wanahabari wanawake Tanzania, 1987 jarida lao waliliita Sauti ya Siti, na kelele zao zilichangia kupatikana kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998.

Na hiyo Beijing yenyewe, mwambie mjomba, katibu mkuu wa mkutano alikuwa Gertrude Mongella, Mtanzania, mzaliwa wa Ukerewe. Ila ningekuwa wewe ningemtumia Kijiti kwanza, Bi Kidude naye aliuimba, auskilize mpaka mwisho ndo mjadili.