Farasi wa mwaka mmoja aliyekonda: minyoo kwanza

Usimwongezee mahindi bado. Mbavu zikionekana huku tumbo limetuna, kwa umri huo mara nyingi ni minyoo ya duara. Peleka kinyesi kibichi kwa daktari wa mifugo kipimwe, na dawa aichague yeye: minyoo mingi ikifa kwa mpigo huweza kuziba utumbo. Nafanya kazi zizini, hilo tunaliogopa sana.

Kisha nyasi kavu safi ziwe mbele yake mchana na usiku, na lusini (alfalfa, majani ya malisho ya jamii ya kunde) kidogo kidogo kwa protini na kalsiamu ya mifupa. Chakula kipya kiingie polepole, siku 7 hadi 10. Ila kama amebaki mifupa mitupu, daktari aje kwanza. Kumshibisha ghafla kunaweza kumuua.