Maswali ya Wasomaji: Boga Halivundikwi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima maboga katika bustani iliyo nyuma ya nyumba yangu, hapa Morogoro. Mimea inatambaa vizuri, nasi huchuma majani na maua kwa ajili ya mboga, lakini maboga mengi hugeuka njano na kudondoka yangali na ukubwa wa yai. Yale machache yaliyobaki niliyakata yalipoanza kupata rangi ya machungwa, nikayapika, yakawa majimaji yasiyo na utamu. Je, boga lililokatwa mapema laweza kuvundikwa kama ndizi?

JIBU: Ndugu msomaji, haliwezi. Ndizi hukatwa ikiwa mbichi lakini imekwisha kujaa wanga, nao wanga huo ndio unaogeuka sukari ndani ya mavundikio. Boga changa halijajaza wanga wa kutosha, na likitengwa na mmea halina pa kuupata, hata kama ganda lake litabadilika rangi.

Rangi, kwa kweli, ni shahidi mbaya, kwa sababu yapo maboga yanayobaki ya kijani au ya kijivu hadi yanakomaa, na mengine hupata rangi mapema mno. Tazama kikonyo: kikiwa bado kibichi na laini, liache, kikikauka na kuwa kigumu kama kijiti, na ukucha ukashindwa kupenya ganda, kata. Kwa kawaida hali hiyo hufikiwa siku 45 hadi 60 baada ya ua kuchavushwa, kutegemea aina ya mbegu na hali ya hewa.

Kuhusu kudondoka, nashuku mboga yenu ya maua. Mmea mmoja huzaa maua ya kiume, yenye kikonyo chembamba, na ya kike, yenye kiboga kidogo chini ya ua. Yote hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, na ua la kike lisilopata chavua hudondosha kiboga chake. Mkichuma maua yote ya kiume, nyuki hawana cha kubeba. Bakizeni machache kila asubuhi, au chukua ua moja la kiume, ondoa petali zake, kisha usugue unga wake wa njano katikati ya ua la kike kabla ya saa tatu. Majani nayo ndiyo yanayotengeneza chakula cha boga, hivyo ningetenga mashina ya kuchuma mboga na mashina ya kuzaa. Kama viboga vinavyodondoka vina tundu dogo na funza ndani, basi mkosaji ni nzi wa matunda. Vifukieni kwa kina, msiviache bustanini.

Unapovuna, bakiza kikonyo cha sentimita 5 au zaidi, wala usibebe boga kwa kukishika, kwani kikichomoka hufungua njia ya kuoza. Liweke penye joto na hewa, mbali na mvua, kwa siku 10 hadi 14, kisha lihifadhi juu ya mbao badala ya sakafu. Lililokomaa hukaa miezi miwili au zaidi, na aina nyingine huongezeka utamu katika wiki za mwanzo.