Kupanga AC ya nyumba Mombasa: pima nyumba kabla ya kuchagua mashine

Vijana wanaoingia kwenye kazi hii sasa wanazijua mashine vizuri. Mtu ana miezi michache tu kazini na tayari anasoma misimbo ya hitilafu ya mashine za inveta kwenye simu. Kinachowashinda wengi ni nyumba yenyewe. Mteja wa Tudor anapiga simu, "Nina chumba futi kumi na tatu kwa kumi na tatu, niwekee ya ngapi?", na kijana anamjibu papo hapo: BTU kumi na mbili elfu, kwa kipimo cha nguvu ya mashine ya kupoza. Usijibu. Mwambie utakwenda kuona, na ukienda, nenda na tepu, kipima unyevu na dira ya simu.

Hapa Pwani kiyoyozi kinapigana na maji yaliyomo hewani kabla ya kupigana na joto. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, nje inafika nyuzi 32 au 33 na usiku hauleti nafuu ya maana, lakini kinachomnyima mtu usingizi ni jasho lisilokauka. Hata kiyoyozi cha kwanza cha kisasa, alichokibuni Willis Carrier mwaka 1902, kilikuwa cha kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn ambako karatasi zilisumbuliwa na unyevu. Sisi tunaishi ndani ya tatizo hilo mwaka mzima.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuacha ni tabia ya kuongeza ukubwa "ili isichoke". Weka mashine ya 24,000 BTU kwenye chumba kinachohitaji 12,000 uone. Dakika chache tu chumba kimefika nyuzi 24, kompresa inasimama. Koili ya ndani, yaani mabomba baridi yanayopoza hewa, imeanza kulowa, maji hayajapata muda wa kuteremka kwenye paipu, na feni ikiendelea kuzunguka inayarudisha chumbani. Chumba kinakuwa baridi na bado kimelowa. Utaijua nyumba ya namna hiyo ukiingia: mashuka yananata, viatu vya ngozi kabatini vina kuvu ya kijani, na bibi analalamika magoti. Mwenye nyumba anadhani mashine haina nguvu, anashusha rimoti hadi 18, na hali inazidi. Mashine ya inveta inasaidia kwa sababu kompresa yake inaweza kupunguza mwendo badala ya kuzima, lakini nayo ina mwendo wa chini kabisa ambao haiwezi kuuvuka. Usiitumie kama kisingizio cha kutopima.

Sasa tuje kwenye kupima. Tani moja ya ubaridi ni BTU 12,000 kwa saa, sawa na kilowati 3.5 hivi. Wengi mtafundishwa kuzidisha eneo la chumba kwa BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Ni pa kuanzia tu. Chukua vyumba viwili vya mita 4 kwa 4 katika nyumba moja ya ghorofa pale Nyali. Kimoja kiko chini, dirisha linatazama mashariki na mwembe unalifunika. Kingine kiko juu, moja kwa moja chini ya slabu ya zege ya paa, dirisha pana upande wa magharibi. Kanuni ya eneo inavipa jibu moja: 9,600. Cha chini kitatosheka na 9,000. Cha juu, 12,000 inaweza kuhema kuanzia saa tisa mchana.

Hesabu inajieleza. Jua la jioni likipiga kioo cha magharibi linaweza kuingiza zaidi ya wati 500 kwa kila mita ya mraba, basi dirisha la mita 2 za mraba lisilo na kivuli linakula karibu BTU 3,400. Pazia la ndani halikuokoi sana, kwa sababu joto likifika kwenye pazia limeshaingia. Kivuli kinatakiwa nje: turubai, kibaraza, hata mti. Na slabu ndiyo mbaya zaidi. Mombasa tuko nyuzi 4 kusini ya ikweta, jua linapita utosini mapema Machi na tena mapema Oktoba, na hata miezi mingine haliendi mbali. Slabu inanywa joto mchana kutwa na kulitema watu wakishalala. Kabla ya kumuuzia mteja mashine kubwa, mshauri apake paa rangi nyeupe au aweke dari yenye kizuia joto. Utapoteza faida ya mashine moja, utapata wateja wa mtaa mzima.

Lakini pale nilipoona hesabu nyingi zikiharibika ni kwenye matundu ya hewa. Nyumba zetu nyingi zina yale matundu ya kudumu juu ya dirisha, au madirisha ya luva ambayo hayafungi hata ukiyavuta kwa nguvu zako zote. Hewa ya nje ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 ina gramu 20 hivi za maji katika kila kilo ya hewa. Ndani, kwenye nyuzi 25 na asilimia 50, unataka gramu 10 tu. Kila kilo ya hewa inayopenya inakuletea gramu 10 za kukamua. Kile chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 3 kikibadilisha hewa yake mara moja kwa saa, hiyo ni zaidi ya nusu lita ya maji kila saa, na kuikamua tu kunakula BTU 1,300 hivi. Luva mbovu zikikipitishia hewa mara tano kwa saa, zaidi ya nusu ya mashine ya 12,000 inafanya kazi ya kukausha upepo wa bahari, na hapo bado hujahesabu joto la hewa hiyohiyo.

Kwa hiyo funga mianya ya vyumba vya kulala kwanza, badilisha luva ziwe madirisha ya kioo yenye mpira, weka brashi chini ya mlango. Acha mwanya mdogo unaojulikana, watu wanahitaji hewa safi. Na matundu ya jikoni usiyaguse kabisa. Palipo na gesi au jiko la makaa, tundu lile ni uhai wa watu.

Nyumba ya makuti isiyo na dari, mwambie mteja ukweli: hiyo ni ya pangaboi.

Pangaboi lenyewe liingize kwenye mpango wako hata palipo na AC. Likizunguka polepole, mtu anaridhika na nyuzi 26 badala ya 23, na stima inapungua.

Ukishapima, keti barazani na mama mwenye nyumba, kwa sababu yeye ndiye anayejua nyumba inavyoishi. Nani analala wapi? Nani anabaki nyumbani mchana? Mlango wa sebule hufungwa, au watoto hupita humo kutwa? Sebule iliyoungana na ngazi na jikoni ni vigumu kuipoza kwa bei ya haki, na mara nyingi nashauri fedha ziende kwenye vyumba vya kulala kwanza. Pia usipimie sebule kwa wageni wa Idi. Mtu aliyekaa anatoa kama wati 100, sehemu yake ikiwa ni unyevu. Wageni 10 ni BTU 3,400, lakini ni siku chache kwa mwaka. Siku hizo fungueni milango.

Mashine ya ndani iwe mahali ambapo upepo wake haumpigi mtu kitandani, na paipu ya maji ipate mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Chumba kilichozibwa vizuri bado kinaweza kutoa lita 3 au 4 usiku mmoja. Maji hayo usiyamwage kwenye ukuta wa jirani. Paipu za shaba zivalishwe zote mbili, na sponji iwe nene. Hewa yetu huanza kutoa jasho juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25, kwa hiyo kiungo kimoja kilichoachwa wazi juu ya dari kitachora doa baada ya wiki.

Mashine ya nje ndiyo inayokufa mapema hapa. Nimegusa mapezi ya alumini ya mashine iliyofungwa kwenye ukuta unaotazama bahari Nyali, yakamomonyoka vidoleni kama majivu. Ilikuwa bado na kibandiko chake cha kiwandani. Ifunge upande ambao nyumba inaikinga na upepo wa bahari, chagua koili iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu, tumia bolti za chuma kisichoshika kutu. Mji wa Kale, usitoboe ukuta wa mbele kabla ya kuuliza watu wa uhifadhi.

Kwenye gesi ya kupozea iliyomo ndani ya mashine sitakaa sana. R-22 inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal, usimfungie mtu mashine inayoitumia hata ikiwa ya bure. R-32 inaweza kushika moto, kwa hiyo soma maelekezo ya ukubwa wa chumba. Jaribu viungo kwa naitrojeni, kisha nyonya hewa yote iliyomo kwenye paipu (vakyumu) hadi kipimo kisome mikroni 500. Fundi anayetoa hewa kwa kuachia gesi kidogo anaacha unyevu ndani, na kompresa ndiyo itakayolipa. Stima, kila mashine iwe na laini yake, breka yake na swichi ya kukatia nje, na kazi hiyo aifanye mtu mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Siku ya kukabidhi, washa vyumba vyote kwa saa nzima na usome kipima unyevu mbele ya wenye nyumba. Kikikaa kati ya asilimia 50 na 60, umemaliza. Kisha waonyeshe namna ya kuosha chujio, na namna ya kuimwagia mashine ya nje maji mara kwa mara ili kuondoa chumvi. Hapo uliza maji ya nyumba yanatoka wapi. Nyumba nyingi hapa hutumia kisima, na visima vingi vina chumvi. Kama ndivyo, waandikie kwa kalamu kwenye karatasi, uibandike karibu na mfereji: mashine ioshwe kwa maji matamu tu, hata kama ni ya mtungi wa kununua.