Tumbo la Mtoto Halijui Saa za Zermatt

Likizo ndefu ya Desemba inakaribia na barua zenu zimejaa theluji. Wengine mna ndugu Uswisi na Austria, wengine mmedunduliza miaka kadhaa ili watoto waone mlima mweupe. Nimechagua maswali yanayohusu chakula cha jioni, kwa kuwa hapo ndipo nimeona safari nyingi za familia zikiharibika.

Swali: Tunaenda Zermatt, kijiji cha skii Uswisi, wiki ya Krismasi na watoto wa miaka minne na saba. Tutapata wapi mkahawa wa jioni unaokaribisha watoto? (Mama wa wawili, South B)

Dada, kabla ya kutafuta mkahawa, tazama saa. Wakati wa baridi Uswisi iko nyuma yetu kwa saa mbili. Ukiketi mezani saa moja usiku kwa saa za huko, tumbo la mwanao linakwambia ni saa tatu. Na huyo ni mtoto aliyeshinda akijifunza skii, yaani kuteleza kwenye theluji, akianguka na kuinuka ndani ya buti nzito.

Kifungua mimba wangu alikuwa na miaka mitano tulipomtembelea wifi yangu karibu na Innsbruck, Austria. Tuliweka meza ya saa mbili usiku, kwa sababu sisi watu wazima tulitaka kuoga na kupumzika kwanza. Supu ilipoletwa mtoto alikuwa amekwisha lala, shavu juu ya kitambaa cha meza, kijiko kingali mkononi, soksi zimelowa hadi kwenye vifundo. Nilimbeba mgongoni hadi nyumbani bila kutia kitu tumboni. Saa tisa usiku akaamka analia, anataka chai na mkate. Kosa lilikuwa letu, si la wenye mkahawa.

Kwa hivyo mpe kitu cha kushiba mara anapovua zile buti, mnamo saa kumi alasiri: supu, mkate, ndizi. Kisha muwe mezani dakika jiko linapofunguliwa. Upande wa Uswisi na Austria mikahawa mingi huanza kupakua saa kumi na mbili au na nusu jioni. Wafaransa aghalabu hungoja saa moja. Ukipiga simu, usiulize tu kama watoto wanakaribishwa, maana hakuna atakayekujibu hapana. Uliza kama sahani ya mtoto inaweza kuletwa kwanza, wakubwa wakisubiri zao. Anayekujibu ndiyo bila kusitasita amezoea kuhudumia watoto. Uliza pia kama wana Kinderkarte, yaani orodha ya vyakula vya watoto.

Zermatt hairuhusu magari ya kawaida. Mtatembea kwa miguu au mtapanda teksi ndogo za umeme. Basi pima umbali kwa hatua za yule wa miaka minne, gizani, barafu chini ya kiatu. Mkahawa mzuri ulio dakika ishirini kutoka kitandani si mkahawa wa familia. Kama bei inaruhusu, chukueni hoteli ambayo chajio kimo ndani ya malipo ya chumba, mpande ngazi mkalale. Na mtoto akikataa kula, msisingizie mwinuko wa kijiji: Zermatt iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, chini kidogo ya Nairobi. Amechoka tu.

Swali: Ni mkahawa gani bora kwa familia huko Ulaya? (Wasomaji wanne, kila mmoja kwa maneno yake)

Nchi gani? Kijiji gani? Mtoto ana umri gani, mnalala wapi, mna pesa ngapi za jioni moja? Nimeomba mara nyingi kwamba anayeuliza aeleze. Siwezi kumtuma mtu usiku kwenye baridi chini ya sifuri kwa kubahatisha.

Swali: Sisi ni Waislamu, tunaelekea milima ya Alps upande wa Ufaransa. Tumeambiwa tule fondyu kwa kuwa ni jibini tu. Ni kweli? (Baba Salma, Eastleigh)

Si kweli, Baba Salma, na ninashukuru umeuliza kabla ya kupanda ndege. Fondyu ni jibini iliyoyeyushwa ndani ya divai nyeupe, na wapishi wengi huongeza kirsch, pombe kali ya cheri. Wanaosema pombe yote huruka kwa moto wanakudanganya. Inabaki, na watoto wanachovya mkate humo humo.

Tartifleti nayo, inayopendwa sana Savoie, eneo la milima huko Ufaransa, ni viazi, vitunguu, jibini ya reblochon na vipande vya nyama ya nguruwe. Afadhali rakleti: jibini inayeyushwa na kumwagwa juu ya viazi vya kuchemsha. Waambie tu mapema wasilete ile sahani ya pembeni, kwani hujaa nguruwe aliyekaushwa. Aliye mwangalifu zaidi ajue kwamba jibini nyingi za kienyeji hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama, na ndama huyo hakuchinjwa kihalali. Hilo amuulize shehe wake, mimi naeleza kilichomo sufuriani.

Mkivuka kwenda Austria, mjue kwamba Wiener Schnitzel, kipande chembamba cha nyama kilichopakwa chenga za mkate na kukaangwa, kisheria lazima iwe ya ndama. Mkiona imeandikwa vom Schwein, hiyo ni nguruwe; Wiener Art, yaani mtindo wa Vienna, nayo mara nyingi ni nguruwe. Kile chakula kitamu cha chapati nene ya maji iliyochanwachanwa, Kaiserschmarrn, mara nyingi huwa na zabibu kavu zilizolowekwa kwenye ramu. Watoto hukipenda mno, basi ulizeni kabla hakijafika mezani, si baada ya kijiko cha tatu.

Ningekuwa wewe ningepanga nyumba yenye jiko. Piteni Grenoble au Lyon, miji yenye familia nyingi za asili ya Afrika Kaskazini na mabucha ya halali, mbebe nyama ya wiki nzima kabla ya kupanda mlima. Huko juu msitegemee kuipata. Mikahawani mtakula samaki, piza ya jibini, omleti. Jifunzeni maneno mawili: sans porc (bila nguruwe), sans alcool (bila pombe). Na mpokea oda akionekana hana hakika, aende jikoni akaulize. Hiyo ni haki yenu, msione haya.

Swali: Kuna haja ya kuweka meza mapema? (Kilimani)

Ipo. Weka meza siku unayoweka chumba. Krismasi na Februari, shule za Ulaya zinapofungwa, familia isiyo na nafasi husimama mlangoni ikitazama wenzao wakila. Tabia yetu ya Nairobi ya kujitokeza watu tisa Jumapili na kutaka meza ziunganishwe haitawasaidia huko.

Swali: Bakshishi ni kiasi gani? Na maji ni bei gani? (Msafiri wa mara ya kwanza, Kasarani)

Ufaransa huduma imo ndani ya bei, ukipenda waachie chenji. Uswisi vilevile. Austria watu huongeza asilimia 5 hadi 10. Maji: Ufaransa omba une carafe d'eau, yaani jagi la maji ya bomba, ni ya bure. Uswisi hata ya bomba wanaweza kukutoza, uliza kwanza.

Swali: Naweza kubeba unga, nyama iliyokaushwa na maziwa lala ili watoto wasisumbue jioni? (Mama Pacha, Ruaka)

Unga wa ugali ubebe, ukiwa kwenye pakiti yake ya dukani. Nyama na maziwa acha kabisa: msafiri kutoka Kenya haruhusiwi kuviingiza Umoja wa Ulaya wala Uswisi, na forodha watavitupa mbele ya macho yako. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yanaruhusiwa hadi kilo 2, pakiti ikiwa haijafunguliwa. Maembe na parachichi acha pia; ndizi na nanasi hazina shida.

Lakini Mama Pacha, nina neno zaidi. Watoto wanaosumbua jioni mara nyingi ni wale tuliowazoesha chipsi na soseji kila tutokapo, simu imeegemezwa kwenye chupa ya tomato sosi. Anza sasa, nyumbani, kuwaketisha mezani bila simu.

Swali: Mume wangu anasema baada ya skii kila mtu huenda baa na watoto, ndiyo desturi. (Lang'ata)

Ni desturi ya watu wazima. Saa kumi hadi saa mbili, katika vijiji vya Austria kama Ischgl na St. Anton, muziki huwa juu na watu wanakunywa wakiwa bado na buti miguuni. Uvutaji sigara ndani umepigwa marufuku Austria tangu Novemba 2019, hilo ni jema, ila mlevi anayecheza juu ya benchi na buti za plastiki anaweza kumvunja mtoto kidole. Mwambie anywe chokoleti ya moto na wanawe, na muende kula mapema.

Swali: Ulaya hatuwezi kumudu. Kuna mahali karibu? (Walimu wawili, Thika Road)

Afriski, kituo cha skii Lesotho, kwenye milima ya Maluti. Msimu wao ni Juni hadi Agosti, kwa hivyo likizo yenu ya Agosti inawafaa ingawa ni mwishoni. Mnaruka hadi Johannesburg kisha barabara. Kituo kiko zaidi ya mita 3,000, karibu na urefu wa kambi ya Old Moses kwenye Mlima Kenya, na hapa mwinuko ni jambo la kweli: usiku wa kwanza watoto wape chakula chepesi na maji mengi, msiwalazimishe.

Jioni mtakula papo hapo kituoni. Mji wa karibu ni Butha-Buthe, na barabara ya kuuendea hupita Moteng, njia ya mlimani yenye kona kali na barafu. Nawasihi msiishuke usiku mkitafuta mkahawa. Mkiwa njiani mchana, simameni mji huo mle papa na moroho. Papa ni ugali, moroho ni mboga za majani zilizokatwa ndogondogo. Watoto wenu watakula bila kuuliza ni nini.