Kadi za homa ya manjano kwa safari ya Nungwi: watu watano, sindano moja

SWALI: Sista, hujambo? Tumepanga likizo ya Desemba kwenda Nungwi, Zanzibar. Tutapanda basi kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam kupitia Namanga, halafu boti. Tuko watano: mimi, mke wangu anayenyonyesha, mtoto wetu wa miezi 7, kijana wetu wa miaka 8, na mama yangu ambaye ana miaka 68. Zimebaki siku 8. Mimi nina kadi ya manjano ya mwaka 2011, nilipokwenda kufanya kazi Juba, lakini imeandikwa kwamba muda wake uliisha 2021. Wengine hawana kabisa. Broka aliyetukatia tikiti anasema atatutengenezea zote tano bila usumbufu wa sindano, maana mpakani wanaangalia muhuri tu. Kuna ubaya gani, na Zanzibar ni hapa karibu? – Baba Baraka, Nakuru

JIBU: Baba Baraka, swali hili hunifikia karibu kila siku ya kazi, na ikifika Desemba hulipata hata mara tatu kabla ya chai ya saa nne. Kila mara ndani yake yumo huyo broka. Kwa hiyo nitakujibu la familia yako kwanza, kisha unisikilize kuhusu yeye.

Kadi yako ya 2011 bado ni nzima. Tangu tarehe 11 Julai 2016, Kanuni za Afya za Kimataifa zinasema cheti cha homa ya manjano hudumu maisha yote ya aliyechanjwa, na jambo hilo linahusu hata kadi za zamani zilizoandikwa miaka kumi. Huhitaji sindano ya pili, huhitaji kadi mpya, na usithubutu kukwangua ile tarehe ya 2021 wala kuandika nyingine juu yake, maana hapo utakuwa umeharibu cheti halali kwa mkono wako mwenyewe. Kama umebadilisha pasipoti tangu wakati huo, beba na ile ya zamani ikiwa ungali nayo. Mtu aliyekuambia ulipie kadi nyingine ama hajui kazi anayoifanya, ama anajua na anakula pesa zako.

Mtoto wa miezi 7 hatakiwi kuwa na kadi. Tanzania inadai cheti hicho kwa wasafiri kutoka nchi zenye hatari ya homa ya manjano, Kenya ikiwemo, kuanzia umri wa mwaka mmoja. Tena hata angekuwa anadaiwa nisingemchoma. Chini ya miezi 6 chanjo hii ni marufuku kwa sababu ya hatari ya uvimbe wa ubongo, na kutoka hapo hadi miezi 9 hatuitoi ila kukiwa na mlipuko.

Mke wako ndiye ninayetaka umtazame vizuri. Chanjo ya homa ya manjano imetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Havimdhuru mtu mzima mwenye afya, lakini vimewahi kupita kwenye maziwa ya mama. Mwaka 2009 nchini Brazil mtoto mchanga aliugua uvimbe wa ubongo baada ya mama aliyekuwa akimnyonyesha kuchanjwa. Ni jambo la nadra. Kama mngekuwa mnaishi palipo na mlipuko ningemchanja bila kusita, kwa sababu ugonjwa wenyewe ungekuwa hatari kubwa zaidi. Kwa likizo ya wiki moja Nungwi, mtoto akiwa na miezi 7, sioni haja. Wala asimwachishe mtoto ziwa kwa ajili ya kadi.

Mama yako naye, akiwa na miaka 68 na hajawahi kuchanjwa, yumo katika kundi ambalo dozi ya kwanza tunaifikiria mara mbili. Baada ya miaka 60 huongezeka uwezekano, ingawa bado ni mdogo, wa virusi vya chanjo kushambulia ini na viungo vingine. Wote wawili waende kwa daktari anayejua chanjo za wasafiri, awapime, na akiona hawafai kuchanjwa awaandikie barua ya kutochanjwa kwa sababu za kiafya. Barua iwe kwa Kiingereza, itaje sababu, iwe na sahihi na muhuri. Ndani ya ile kadi ya kimataifa mara nyingi kuna ukurasa wa jambo hilo, naye aujaze pia. Afisa wa afya mpakani anapaswa kuizingatia barua hiyo. Anaweza kuwapitisha, anaweza pia kuagiza wafuatiliwe afya zao kwa siku kadhaa, na uamuzi ni wake. Watangulie kwenye dawati la afya na barua mkononi, wasingoje kuulizwa.

Anayebaki ni Baraka. Huyu achanjwe, mradi hana mzio mkali wa mayai, kwa kuwa chanjo hii hukuzwa kwenye mayai ya kuku. Mpeleke kesho asubuhi kwenye kituo kilichoidhinishwa na wizara. Sasa hesabu: cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Akichanjwa tarehe 4, kadi yake ni halali kuanzia tarehe 14, na kabla ya hapo ni sawa na hana. Nyinyi mmebakiza siku 8. Piga simu kwa kampuni ya basi na hotelini leo hii msogeze safari kwa siku tatu. Najua inauma, najua Desemba vyumba ni vya kugombania. Lakini usikubali mtu akuambie atarudisha tarehe nyuma, kwa sababu zile siku 10 ndizo mwili wa Baraka unazotumia kujenga kinga.

Basi kati ya watu watano, anayehitaji sindano ni mmoja, na broka alikuwa tayari kuwauzia kadi tano.

Hapo ndipo uvumilivu wangu unapoishia. Watu wengi wanaokuja kwangu wanaamini kadi ya manjano ni kama stakabadhi ya ushuru: serikali inataka karatasi, mpe karatasi, upite. Hawajiulizi ni nani anayelindwa. Wewe unadhani unaulizwa kadi kwa sababu Zanzibar kuna homa ya manjano. Unaulizwa kwa sababu Kenya ndiko ugonjwa uliko. Bonde la Kerio lilikuwa na mlipuko 1992 na 1993. Isiolo ulitangazwa Machi 2022. Mbu anayeieneza mijini, Aedes, anaishi kwa raha katika mitungi, ndoo na matairi yenye maji pwani nzima. Akimuuma mgeni aliyekuja na virusi mwilini, anao uwezo wa kuvipeleka kwa mwenyeji. Wenyeji wa Nungwi watakaokupikia na kukutandikia kitanda ndio wanaokingwa na ile kadi. Ukipita na ya kununua, umewadanganya wao kuliko ulivyomdanganya afisa.

Na ugonjwa wenyewe si mchezo. Dalili huanza siku 3 hadi 6 baada ya kuumwa na mbu: homa, kichwa, mgongo, kutapika. Wengi hupona. Wachache hupata nafuu ya siku moja hivi, familia ikashukuru, kisha homa ikarudi, macho yakawa ya manjano, damu ikatoka puani na kwenye fizi. Katika hao, karibu nusu hufariki ndani ya siku 7 hadi 10. Dawa ya kuua virusi hivyo hatuna. Tunachoweza ni kumuuguza mgonjwa tu, na ndiyo maana nashikilia sindano kama ninavyoishikilia.

Mwaka 2016 mlipuko ulioanzia Luanda, Angola, ulivuka hadi Kinshasa. Wasafiri waliotoka Angola wakiwa wameambukizwa waligunduliwa hata mbali na huko: 2 hapa Kenya, 11 China. Mtu hupanda ndege akiwa na homa kidogo, anadhani ni uchovu, anatua kwenye mji mwingine wenye mbu. Hivyo ndivyo inavyosafiri.

Mwezi uliopita mama mmoja aliniwekea mezani kadi nne za familia, akitaka nimhakikishie kwamba zitakubaliwa. Nilizifungua moja moja. Mwandiko ulikuwa wa mtu mmoja kote, mpaka sahihi ya mchanjaji. Mahali pa namba ya toleo la chanjo palikuwa pameandikwa tarehe. Muhuri ulikuwa na jina la kituo lililokosewa herufi moja. Kadi ya nne ilikuwa ya mtoto wake wa miaka miwili. Niliangalia tarehe ya kuzaliwa, nikaangalia tarehe ya chanjo, nikaangalia tena. Mtoto alikuwa amechanjwa siku 16 kabla ya kuzaliwa. Yule mama alilia pale pale, kwa sababu alikuwa amelipia zote nne fedha nyingi kuliko ambazo angelipa kwa sindano halali.

Kuna aina ya pili ya hawa watu, nao wananitisha zaidi: wanaochoma kweli, lakini nyuma ya duka la dawa, bila kuuliza neno. Chanjo hii huja kama unga mkavu katika kichupa, hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikishachanganywa na maji yake hubaki kwenye ubaridi na kutupwa baada ya saa 6. Kichupa kimoja huwa na dozi kadhaa, ndiyo maana vituo vingi hupanga siku maalumu ili watu wakusanyike. Mtu anayekuchoma peke yako, saa yoyote, kutoka kwenye kichupa kilichokaa mkobani, huenda anakupa maji tu.

Na maswali tunayouliza kabla ya sindano hatuulizi kupoteza muda. Kuna bibi mmoja aliyekuja kwangu akiwa na haraka, ndege yake ni wiki inayofuata, ananiambia yeye ni mzima kabisa. Nikamwomba anionyeshe dawa anazomeza. Akafungua mkoba, akatoa pakiti mbili za dawa za kushusha kinga ya mwili: alikuwa amepandikizwa figo. Mtu kama huyo hachanjwi chanjo hai hata kidogo. Vivyo hivyo mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga katika damu, ziko chini ya 200, anayetibiwa saratani, na aliyetolewa tezi ya thaimasi kifuani. Mjamzito naye hukaa na daktari kwanza. Yule wa nyuma ya duka hajui hata kwamba kuna maswali hayo.

Kwa yeyote anayesoma na safari iko mbele: kadi halali ina jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, sahihi yako mwenyewe, tarehe ya chanjo, jina la mtengenezaji na namba ya toleo, sahihi ya mchanjaji na muhuri wa kituo kilichoidhinishwa. Hakikisha umeviona vyote kabla hujatoka kituoni, kwa sababu kurudi kutafuta muhuri siku ya safari ni taabu. Safiri na kadi yenyewe, picha kwenye simu haitoshi, na uiweke pamoja na pasipoti, isiende na mizigo kwenye buti la basi.

Baba Baraka, baada ya sindano mtoto anaweza kuumwa mkono, kichwa, au kupata homa ndogo kwa siku chache. Mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake. Homa ikizidi, au ikija mkiwa safarini, apimwe malaria kwanza kabla ya mtu kumpa dawa yoyote ya malaria, na umweleze daktari alichanjwa lini. Na huko Nungwi mpakeni dawa ya kufukuza mbu mchana pia, kwa kuwa Aedes huuma jua likiwaka, na homa ya dengi haimo katika kadi yoyote.