Jibu: Mtoto wa siku 3 macho ya njano, mama hana maziwa

Habari kaka, hongereni sana. Unasema macho yamekuwa ya njano, maziwa bado hayajajaa, na bibi anataka mtoto apewe maji ya glukosi na kuoteshwa jua.

Kwanza, njano ilianza lini? Ikiwa ni ndani ya saa 24 za mwanzo, au imefika viganjani na kwenye nyayo, au mtoto amelegea na hanyonyi vizuri, mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje asubuhi. Hata kama hana dalili hizo, kesho aonwe. Kiwango cha njano hujulikana kwa kipimo, si kwa picha uliyoweka hapa. Chukua kadi ya kliniki. Kama mama ni kundi la damu O au Rh hasi (lenye alama ya kutoa, kama A-), mwambie nesi mapema.

Mtoto wetu naye alikuwa na njano, akawekwa chini ya taa za bluu za kuitibu, macho yamefunikwa. Niliogopa sana kumwona vile, lakini njano ilishuka. Kazi yangu ilikuwa kumwamsha anyonye, maana watoto hawa hulala mno, na kuangalia kama nepi zinalowa.

Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia. Yale maziwa machache mazito ya mwanzo yanamtosha, na kunyonya ndiko kunakoleta mengine. Glukosi itamshibisha aache ziwa. Jua halichukui nafasi ya matibabu. Bibi usibishane naye, nenda naye amsikie nesi mwenyewe.

Tuandikie wakishampima.